Subiri nikuunganishe: kisa cha simu zilizofika Tunduma zikiwa nusu

Mama wa mapokezi alinionyesha jibu siku mbili kabla sijalielewa. Niliingia ofisini kwao Kurasini asubuhi, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye simu mbili zilizokuwa mbele yake. Mkonga wa simu ya kushoto ulikuwa umelazwa mezani na taa yake inawaka. Nikadhani amesahau kuurudisha, nikanyoosha mkono niuweke mahali pake.

"Usiguse, mwanangu," akasema. "Hapo kuna watu wawili wanaongea."

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimeitwa kwa tatizo la Tunduma, na akili yangu yote ilikuwa Tunduma. Laiti ningevuta kiti nikamwuliza ni watu gani hao na wanaongeaje juu ya mkonga uliolala, kazi ingekwisha kabla ya saa sita mchana.

Ofisi yenyewe ni ya wakala wa forodha. Makao yake yako Dar es Salaam, karibu na bandari, na ina tawi dogo Tunduma, mpakani na Zambia, zaidi ya kilomita 900 kutoka pwani. Mizigo ya Zambia na ya kusini mwa Kongo hupita hapo, kwa hiyo wateja wengi wa ofisi hii wanapiga simu kutoka Lusaka, Ndola na Lubumbashi. Anayepiga mara nyingi ana lori limesimama foleni na dereva anayemwuliza kila baada ya saa moja kama karatasi zimetoka. Anataka kuongea na kijana aliye mpakani, si na Dar. Lakini namba ya ofisi ni moja tu, na simu zote zinaingia mapokezi. Mama anasikiliza, anasema "subiri nikuunganishe", muziki unapigwa, na simu inakwenda Tunduma.

Malalamiko yaliandikwa hivi kwenye barua pepe niliyotumiwa: simu za Tunduma zinakatika. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuongeza kifurushi cha intaneti cha tawi na kununua simu mbili mpya za mezani. Hali ikabaki ileile. Mteja mmoja mkubwa wa Lubumbashi alikuwa ameanza kupeleka mizigo yake kwa wakala mwingine. Maelezo yake, niliyopewa na mama, yalikuwa sahihi kuliko barua pepe yenyewe: alisema anamsikia yule kijana vizuri kabisa akisema haloo, haloo, kisha kijana anamkatia simu usoni. Alihisi anadharauliwa. Mtu anayelipia kontena lililokwama, akisikia anaitwa haloo mara tatu kisha anakatiwa, hana sababu ya kuwaza kwamba huenda ni mtambo.

Upande wa Tunduma, kijana naye alikuwa na lake. Simu inaita, anapokea, mama anamwambia kuna mteja wa Lubumbashi, anasema sawa mlete, kisha kimya. Anaita haloo, hakuna anayejibu, anaweka chini. Kioo cha simu yake kinamwonyesha kwamba aliyepiga ni "100 Mapokezi", kwa hiyo hata akitaka kumrudia mteja hana namba yake.

Watu wawili hawa walilaumiana kwa miezi, na wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Nilikoanzia vibaya

Mtambo wao ni Asterisk, programu inayoendesha simu za ofisi, umewekwa kwenye seva iliyoko Dar. Seva ina kadi mbili za mtandao: moja yenye anwani ya umma, inayopokea laini za mtoa huduma wa simu, na nyingine inayohudumia simu za mezani za jengo. Tunduma kuna simu nne za mezani, zinajiandikisha kwenye seva ileile kupitia VPN, njia ya faragha iliyofungwa kwa usimbaji, iliyopita juu ya intaneti ya kawaida ya tawi. Ni mpangilio wa kawaida, na aliyeujenga aliijua kazi yake.

Nikaanza na kasi ya mtandao, kwa sababu kila mtu alikuwa ameanza hapo. Hesabu yake ni fupi. Sauti iliyofungwa kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 ni kilobiti 64 kwa sekunde. Ikikatwa vipande vya milisekunde 20, zinatoka pakiti 50 kila sekunde, kila moja ina baiti 160 za sauti na baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP. Jumla ni kilobiti 80 kwa sekunde kwa kila upande, ukiacha mzigo wa VPN. Simu zote nne zikiongea kwa wakati mmoja ni kilobiti 320 na ushee. Kifurushi cha zamani kilikuwa kinatosha mara nyingi. Tena mtandao ukielemewa sauti hukwaruza na kukatika vipande vipande. Haiwi safi upande mmoja na kimya kabisa upande wa pili.

Sauti ya upande mmoja, kwa fundi wa simu za intaneti, inamaanisha anwani. Mmoja ameambiwa atume sauti mahali ambapo haifiki. Hapo nikakosea njia. Nilidhani rauta ya Tunduma inachezea ujumbe wa SIP, lugha ambayo simu za intaneti hutumia kuanzisha na kumaliza mazungumzo, kwa sababu rauta nyingi za bei nafuu zina kipengele kinachofungua ujumbe huo na kubadilisha anwani zilizomo, na mara nyingi kinaharibu zaidi ya kinavyosaidia. Nikampigia kijana wa Tunduma, tukaingia kwenye rauta pamoja, tukakizima. Nikajaribu: simu yangu ya mezani Dar, kwenda Tunduma. Sauti safi pande zote mbili. Nikajaribu mara kumi. Nikamwambia mkurugenzi limekwisha. Kesho yake asubuhi lilikuwa palepale.

Ningetulia ningeona kwamba nadharia yangu haikuwezekana tangu mwanzo. Ujumbe wa SIP wa Tunduma unapita ndani ya VPN, umefungwa kwa usimbaji. Rauta haiwezi kubadilisha kitu isichokiona. Na jaribio langu halikuwa jaribio la tatizo lao. Mimi nilipiga moja kwa moja, watu wawili. Malalamiko yao yalikuwa na watu watatu.

Kuunganisha maana yake nini

Vitabu vya mitambo huzungumza juu ya kuhamisha simu. Mtu akisikia hivyo huona kitu kimoja kinatoka meza hii kwenda meza ile, kama faili. Wapokezi wetu hawasemi hivyo. Wanasema "nikuunganishe", na neno lao liko karibu zaidi na kinachotendeka ndani ya waya, maana hakuna simu inayohama. Kuna simu mbili tofauti, mtu wa katikati amezishika zote mbili, kisha anazifunga pamoja na kujitoa.

Tuifuate hatua kwa hatua kama ilivyokuwa Kurasini. Simu ya Lubumbashi inaingia kwa mtoa huduma, inafika seva, seva inapiga namba 100, mama anapokea. Hiyo ni simu ya kwanza. Anabonyeza kitufe cha kuhamisha. Simu yake inapeleka INVITE mpya (ujumbe wa SIP wa kuanzisha simu au kubadilisha masharti yake) ndani ya simu ileile ikisema sasa sisikilizi, na seva inamwekea mteja muziki. Kisha anapiga namba 401, Tunduma. Hiyo ni simu ya pili, yenye utambulisho wake tofauti. Anaongea na kijana. Anabonyeza kitufe tena.

Hapo simu ya mama inatuma ujumbe unaoitwa REFER, uliowekewa utaratibu na RFC 3515 ya mwaka 2003 (RFC ni hati za kanuni za intaneti). Ndani yake kuna maelekezo ya nani aunganishwe na nani, na kiambatisho cha Replaces, cha RFC 3891 ya mwaka 2004, kinachotaja simu ya pili kwa utambulisho wake: ichukue nafasi ya simu hii ambayo tayari ipo. Seva inajibu 202, yaani nimepokea ombi, na baadaye inatuma NOTIFY kumwarifu mama kama kazi imefanikiwa. Ndipo simu ya mama inaagwa kwa BYE pande zote mbili, na taa yake inazimika.

Njia ya pili ni fupi, nao ofisini wanaiita kutupia: mama hamwulizi mtu wa Tunduma, anabonyeza, anaandika 401, anaachia. REFER inakwenda bila Replaces na seva inapiga 401 yenyewe. Nayo iliishia kwenye kimya kilekile.

Sasa zingatia jambo moja. Kabla mama hajajitoa, mtoa huduma anaongea na seva kwa ajili ya mama, na simu ya Tunduma inaongea na seva kwa ajili ya mama. Mama akijitoa, laini ya mtoa huduma na simu ya Tunduma zinakutana zenyewe kwa mara ya kwanza. Hazijawahi kuonana. Chochote kilichokuwa kikipatanishwa kwa sababu yeye yupo katikati, sasa lazima kisimame peke yake.

Nilipofika hapo ndipo nikaukumbuka mkonga uliolazwa mezani.

Nilirudi mapokezi nikavuta kiti. Mama akanieleza bila kujisifu. Alikuwa amegundua kwamba akibonyeza kuhamisha, wanapotea. Lakini akibonyeza kitufe cha mazungumzo ya watatu, wote wanasikilizana. "Nikiweka chini tu, kijana anakuwa kiziwi." Basi akawa anaunganisha watatu, analaza mkonga taratibu, na anawaacha waongee. Kwa kuwa simu yake inakuwa imeshikwa, aliazima simu ya pili kutoka uhasibu ili aendelee kupokea wengine. Alifanya hivyo kwa wateja aliowajua kuwa wana shida kubwa. Hakumwambia yeyote kwa sababu hakuna aliyemwuliza, na aliogopa ataambiwa anasikiliza mazungumzo ya watu.

Kwa fundi, maelezo hayo ni kipimo kamili cha maabara. Katika mazungumzo ya watatu, sauti inachanganywa ndani ya simu ya mama. Laini ya mtoa huduma haikutani na Tunduma hata kidogo. Kila mmoja anaongea na mama, na simu yake inapeleka huku na kuleta huku. Inafanya kazi. Akitoka, zinakutana, haifanyi kazi. Kosa liko kwenye kukutana kwao, na kwingine kote kuzima.

Pakiti zilivyosema

Jioni hiyo nilimwomba mama na kijana wa Tunduma dakika kumi. Nilitoka nje na simu yangu ya mkononi, nikapiga namba ya ofisi kama mteja, nikaomba Tunduma. Kwenye seva niliacha sngrep, programu ya kutazama ujumbe wa SIP, ikirekodi. Nilisikia muziki, nikamsikia kijana: haloo, haloo. Nikamjibu. Hakunisikia. Nilikuwa nimesimama pale alipokuwa amesimama yule mteja wa Lubumbashi, na nakiri kwamba hata mimi niliyejua tatizo nilijisikia vibaya sauti yangu ikipotea hivyo.

Rekodi ilikuwa wazi. REFER ilikuwa sawa, Replaces ilikuwa sawa, 202 imetoka, NOTIFY imesema 200, yaani sawa. Kwa mtambo, uunganishaji umefanikiwa. Lakini papo hapo baada ya hapo seva ilikuwa imetuma INVITE mbili zaidi ambazo hakuna mtu aliyezibonyeza: moja kwa mtoa huduma, moja kwa simu ya Tunduma. Ndani ya ile iliyokwenda kwa mtoa huduma, kwenye maelezo ya sauti, palikuwa na mstari huu:

c=IN IP4 192.168.40.23

Hiyo ni anwani ya simu ya mezani ya Tunduma. Seva ilikuwa ikimwambia mtoa huduma: kuanzia sasa usinitumie mimi sauti ya mteja, mtumie mwenyewe moja kwa moja, yuko hapa. Na 192.168 ni miongoni mwa anwani zilizotengwa na RFC 1918, tangu mwaka 1996, kwa matumizi ya ndani ya majengo. Hazina njia kwenye intaneti. Mtoa huduma alitii, akatuma pakiti 50 kila sekunde kwenda mahali ambapo kwake hapapo, zikatupwa njiani.

INVITE ya pili ilimwambia Tunduma atume sauti yake moja kwa moja kwa mtoa huduma. Anwani ile ni ya umma, kwa hiyo simu ya kijana ikatoa pakiti kupitia intaneti ya tawi, nje ya VPN, zikafika. Mtambo wa mtoa huduma ukazipokea ingawa zilitoka sehemu usiyoitarajia. Ndiyo maana Lubumbashi walimsikia kijana na yeye hakuwasikia. Ukitazama kwenye seva wakati huo, unaona kitu cha kushangaza kidogo: simu iko hewani, muda unahesabiwa, lakini hakuna pakiti hata moja ya sauti inayopita. Amri ya kuonyesha madaraja, yaani jinsi seva inavyofunga pande mbili za simu pamoja, ilionyesha aina yake imebadilika kutoka simple_bridge kuwa native_rtp. Seva imejitoa katikati, kama mama alivyojitoa.

Tabia hii ina sababu nzuri. Simu mbili zilizoko jengo moja hazina haja ya kupeleka sauti kwa seva na kuirudisha. Kwenye Asterisk inaitwa direct_media, na kwenye faili la pjsip.conf usipoandika chochote, jibu lake ni ndiyo. Inatokea tu ikiwa pande zote mbili za daraja zimekubali.

Nikafungua mipangilio, na hapo nikaona jinsi kosa linavyoweza kujengwa na watu ambao kila mmoja alifanya jambo sahihi. Akaunti za simu za Dar zilikuwa na mstari wa direct_media=no, tangu mwanzo, kwa tahadhari. Akaunti nne za Tunduma ziliongezwa baadaye, na fundi aliyeziongeza aliandika yes kwa makusudi. Alikuwa na hoja: bila hivyo, vijana wawili wa Tunduma waliokaa vyumba jirani wakipigiana, sauti ingesafiri hadi Dar na kurudi, kilomita 1,800 na zaidi, kwa ajili ya ukuta mmoja. Laini ya mtoa huduma yenyewe haikuandikwa chochote. Kimya hicho kilimaanisha ndiyo.

Dar na mtoa huduma: mmoja amekataa, sauti inapita kwenye seva, sawa. Dar na Tunduma: mmoja amekataa, sawa. Tunduma na Tunduma: wote wamekubali, wanafikiana, sawa. Mtoa huduma na Tunduma: wote wamekubali, na hawafikiani. Na mkutano huo wa nne ulikuwa haupatikani kwa njia nyingine yoyote ila kupitia mikono ya mama. Simu za nje hazikuingia Tunduma moja kwa moja, na simu za Tunduma zilifungwa zisipige nje ili kupunguza gharama. Kila jaribio la siku ya ufungaji lilipita kwa sababu hakuna aliyejaribu kuunganisha.

Kuna jambo la pembeni ambalo mafundi wenzangu watalifurahia. Kama mtambo ungepangwa ili mtu ahamishe simu kwa kubonyeza alama ya reli (#) badala ya kitufe cha simu yenyewe, kosa hili lisingeonekana, kwa sababu seva ingelazimika kubaki katikati ya sauti ikisikiliza namba zinazobonyezwa. Nilifikiria kuacha hivyo. Sikushauri. Ruhusa hizo zina herufi mbili kwenye Dial, amri ya Asterisk ya kupiga simu: t ndogo kwa anayepigiwa na T kubwa kwa anayepiga, na ukikosea ukaweka T kubwa kwenye simu zinazoingia kutoka nje, mgeni yeyote anaweza kubonyeza reli na kupiga nchi za mbali kwa gharama ya ofisi. Nimewahi kuona ankara ya aina hiyo, na sitaki kumwona mtu mwingine akiipokea.

Marekebisho

Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye akaunti ya mtoa huduma: direct_media=no. Nikaupakia mpangilio upya saa moja na robo usiku, nikatoka nje tena, nikapiga. Kijana akasema haloo, nikasema habari za Tunduma, akasema nzuri, mvua inanyesha. Mama aliyekuwa amesimama mlangoni akiniangalia akageuka akaenda kurudisha simu ya uhasibu.

Akaunti za Tunduma niliziacha na yes yao. Aliyeiandika alikuwa sahihi.

Lakini nisingeweza kuondoka hapo, kwa sababu kisa hiki kilidumu kwa miezi kwa sababu nyingine iliyo nje ya mstari huo. Ripoti ya kila mwezi aliyokuwa akisoma mkurugenzi ilionyesha kwamba simu zinazoingia zinajibiwa. Kwa seva zilijibiwa kweli: mama alipokea, Tunduma ikapokea, simu ikahesabiwa kuwa ANSWERED. Nilipozipanga zile zilizounganishwa Tunduma kwa muda, nyingi zilikufa kabla ya nusu dakika baada ya kuunganishwa. Mtu anayeulizia karatasi za lori haongei sekunde 12. Ripoti ilikuwa na ushahidi wote ndani yake na neno moja juu yake lililoufunika. Nikaongeza safu ya muda baada ya kuunganishwa, na nikamwomba mkurugenzi atazame hiyo kwanza.

Nikashughulikia pia kioo cha kijana. Baada ya mama kujitoa, simu ya Tunduma inapaswa kuarifiwa kwamba sasa unaongea na mtu mwingine, na namba yake ni hii. Seva ilikuwa na taarifa hiyo, haikuruhusiwa kuituma. Kwa send_pai=yes kwenye akaunti za simu za mezani, kichwa cha P-Asserted-Identity kinapeleka namba ya mteja, na kioo kinabadilika kutoka "100 Mapokezi" kuwa namba inayoanza na 243 ya Kongo au 260 ya Zambia. Laini ikikatika kwa sababu yoyote, kijana anaweza kumrudia kwa simu yake ya mkononi. Kwa maoni yangu hili lina uzito sawa na lile la sauti. Lingekuwepo tangu mwanzo, mteja wa Lubumbashi angepigiwa dakika ile ile na kuombwa radhi, na pengine asingehama.

La mwisho lilikuwa simu zinazotupiwa. Kijana akiwa ametoka kwenda kwenye foleni ya malori, 401 iliita mpaka ikachoka na mteja akakatika. Sasa ikiita sekunde 25 bila kupokelewa, seva inatazama kigezo cha BLINDTRANSFER, ambacho kinahifadhi ni nani aliyeitupa simu hiyo, na inamrudishia. Simu ya mama inaita tena, na mbele ya namba ya mteja kuna neno "IMERUDI". Anajua asiseme "karibu, nikusaidie nini" kwa mtu aliyekwisha kujieleza mara moja. Neno hilo alilichagua yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika "RUDI", akaniambia hiyo ni amri.

Bado kuna jambo moja halijafungwa. Vijana wa Tunduma wanaomba simu ziwafuate kwenye simu zao za mkononi wakiwa getini. Inawezekana, ila simu ya namna hiyo inaingia kwa mtoa huduma na kutoka kwa mtoa huduma yuleyule, inashika njia mbili kwa mazungumzo mamoja, na ofisi inalipia ile ya kutoka. Njia walizonazo ni nane. Pia mtoa huduma hakubali seva itoe simu kwa namba ya Lubumbashi isiyo ya ofisi, kwa hiyo kijana getini ataona namba ya ofisi tu na kurudi palepale pa kutojua nani yuko upande wa pili. Mama amependekeza kwamba kabla ya kuunganisha amtumie kijana ujumbe mfupi wenye jina la mteja na namba ya lori. Wamelijaribu kwa wiki mbili sasa, na mkurugenzi ameniomba nisiguse chochote mpaka mwisho wa mwezi.